Kengele ya shule si chuma ya vita

Baraka, Jumanne

Mi nimekasirika mupaka chakula imenishinda. Mwalimu mupya ameambia batoto kama ile chuma tunapiga kama kengele ya shule ni chuma ya vita. Ya vita! Ile ni kipande cha reli. Reli yetu ilitoka ku usine, kile kiwanda cha pamba, mupaka ku ziwa, mwendo wa dakika kumi tu, na baba yangu ndiye alikuwa anageuza njia ili mavagoni ya pamba yaingie depo, ku ghala, ao yashuke bandarini. Usine ilipokufa, alibeba kile kipande ku bega, akakitundika shuleni.

Nikaenda kumwambia mwalimu. Akacheka: "Papa, hapa mujini Baraka hakukuwaka treni."

Nikarudi nyumbani. Binti yangu, mwenye anasoma kwa ule mwalimu, akaniuliza polepole: "Baba, kumbe babu alikuwaka na bunduki?"

Babu yake! Muntu wa pamba!