Sekunde Mbili za Bibi

3 Machi

Babu, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila jaribio moja la programu ya pampu za maji linaniumbua. Tunaitumia ishara ya kusimama: mara arobaini inasimama vizuri, ya arobaini na moja inaganda. Ndani kuna mstari wa "subiri sekunde mbili", ulioandikwa kwa jina la marehemu Bibi. Wenzangu wanauita "usingizi wa bibi" na kucheka. Nimenuna. Uliwahi kuuona? Si mlikaa meza moja kazini?

Mjukuu wako, Kiherehere

19 Machi

Kiherehere wangu, marahaba. Kifua kimechoka kubembelezwa na dawa, nami nimeshafunga virago. Barua hii nimeichana mara tatu.

Programu ile ina nyuzi nane zinazofanya kazi kwa pamoja. Ishara ikija, hudakwa na uzi wowote. Ikidakwa na ule ulioshika kufuli ya kuzuia wenzake wasiguse kitu kimoja kwa pamoja, nao ukaanza kuingojea kufuli hiyohiyo iliyo mkononi mwake, basi, umeganda. Ishara zizuie kwenye nyuzi zote kabla hazijaanza kazi. Uzi mmoja tu ukae kuzingoja.

Hilo nililijua. Lakini kesho yake tulikuwa tunakabidhi kazi. Bibi yako alipotoka kunywa chai, nikaketi kwenye mashine yake, nikaweka zile sekunde mbili ili jaribio lipite. Pampu zilipokataa kusimama, ghala likafurika, akaondolewa kazini yeye. Nilinyamaza. Miaka ishirini na sita nimekula chakula chake, nimenyamaza.

Andika jina langu pale.

Babu yako

27 Machi

Babu, shikamoo. Mama anasema huli; kula japo kidogo, usinitie wasiwasi. Nimefanya ulivyosema: mara elfu kumi, halijaganda hata mara moja. Zile sekunde nimezifuta, jina lako nimeliandika. Wenzangu wamemwomba Bibi radhi, huku wanaangalia viatu.

Nilipopekua kumbukumbu za mabadiliko, nikakuta maneno yake ya siku aliyoondolewa. Aliyafuta yeye jioni ileile: "Mstari huu si wangu. Namjua mwenyewe. Ataniambia."

Alijua, Babu. Na bado alikuwa anakupakulia wa kwanza.

Jumamosi nakuja. Usiende popote bila ruhusa yangu.

Kiherehere

29 Machi

Kiherehere, nimesomewa barua yako mara mbili. Jumamosi ni mbali. Usiponikuta, usinune. Naenda kumwambia.

Babu