Dawa ya Baharini Niliyokwambia Uisubiri

Bergen, Norwei

Kaka Masatu,

Nakusalimu nikiomba barua hii ikukute umekaa kitini, si umelala. Pale walipokata pamekauka? Mama anakula? Mimi mzima, baridi tu.

Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza, ungesema yameisha. Kwangu hayajaisha.

Siku ile uliponipigia kutoka Bunda, daktari alikuwa amekwambia kile kidonda cha mwiba wa samaki hakitapona kwa sababu ya sukari, ukatwe vidole viwili vya mguu. Asubuhi hiyohiyo huku maabara tulikuwa tumeona jambo. Unajua kazi yetu ni kutafuta dawa kwenye wanyama wa baharini. Yupo mmoja anaitwa sifongo, anagandaga mwambani kama kipande cha godoro. Tulichokamua kwake kiliua bakteria wote kwenye kisahani cha majaribio, wale wale wa vidonda. Nilikusimulia hata salamu hatujamaliza.

Ukasema, "Sasa nikatwe vidole vya nini, na wewe dawa umeshaipata?"

Nikacheka. Nikakwambia uvumilie kidogo.

Kisahani si mtu, kaka. Nilisomea hivyo, nilijua. Lakini nilipenda ulivyojivuna kwa ajili yangu.

Wiki chache baadaye tuliwapa panya dawa hiyo, figo zao zikaharibika. Tukaiacha. Siku hiyo nilishika simu nikupigie, nikairudisha mfukoni. Nilikuwa nimesikia umeshawaambia watu kanisani Mugango kwamba mdogo wako amepata dawa, nikaona aibu. Nikasema nitakwambia Jumapili. Ikapita, na nyingine ikapita. Aliyenipigia ni wifi, yuko hospitali Musoma, akasema uozo ulipanda na wamekata juu ya goti. Nikamuuliza kwa nini mlichelewa. Akasema kila alipokubembeleza ulimjibu neno moja: "Namsubiri Nyangeta."

Nisamehe. Mguu wako haukuhitaji dawa ya baharini. Ulihitaji simu yangu ya dakika mbili.

Kazi bado ipo. Juzi tumeanza sifongo mwingine, naye anaua bakteria vizuri. Mwenzangu mmoja alifurahi akataka kumwandikia mama yake, mgonjwa. Nilimwomba asimwandikie. Aliniona nina roho mbaya, sikumweleza.

Nimeomba likizo, wamenikubalia. Nitafika kabla ya mvua.

Nisalimie wifi, mwambie namshukuru kwa kukuuguza. Msalimie mjomba wa Kamunyonge aliyewapa chumba karibu na hospitali, na wanao wote. Mama namsalimu kwa shida, maana wifi ameniambia ulimweleza kwamba daktari ndiye aliyechelewa. Nikija nitamwambia ukweli mwenyewe. Nakuomba siku hiyo ukae kimya, usinitetee.

Mdogo wako,
Nyangeta