Mafigo Yangu na Jua la Maskati

Mama yangu mupenzi,

Amani ya Mungu ikukute umekaa mbele ya nyumba, upepo wa ziwa unakupepea. Magoti yako yanasemaje? Na Papa, kikohozi kimemuacha? Mimi ni muzima sasa. Kama simu yangu ilikuwa kimya, ni kwa sababu nilikuwa hospitali, sikutaka uogope.

Huku Maskati tunajenga ghorofa kwenye jua kali. Nilitoka jasho sana, maji nikanywa kidogo. Mugongo ukauma, nikawa nameza dawa za maumivu, zilezile unazomeza wewe kwa ajili ya magoti. Kisha nikaanza kuharisha. Asubuhi moja nilisimama, dunia ikazunguka, nikaanguka.

Nilipofumbua macho, muuguzi mumoja ambaye wazee wake walitoka Unguja aliniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, lini umekwenda haja ndogo?"

Sikukumbuka. Ugonjwa haukuniliza, Mama. Lile neno "mwanangu" njo liliniliza.

Akanieleza polepole. "Figo ni chujio la damu. Presha ikipanda, mishipa midogo inayoingiza damu kwenye chujio hujibana. Ikishuka, hujipanua, ili damu ichujwe vilevile. Wewe maji yalikwisha mwilini, presha ikashuka mno, na dawa zile zikaizuia mishipa kujipanua. Figo zikakosa damu."

"Zitaamka?"

"Tunakutia maji. Tusubiri."

Maji yakiingia mushipani, mimi kwa mawazo nilikuwa nyumbani Kalemie. Nilisikia harufu ya samaki wadogo, ndakala, zikikauka muchangani. Nilikuona unaniosha kichwa ziwani, mimi nalia sabuni imeniingia machoni, wewe unacheka. Nilitamani bukari yako ya unga wa muhogo na majani ya sombe mpaka mate yakanijaa.

Mukojo ulipotoka, mweusi kama chai ya rangi, yule mama muuguzi alipiga vigelegele, wagonjwa wote wakageuka.

Nilimuambia una tansiyo, presha ya juu. Akasema tansiyo ikikaa juu siku nyingi inaichosha mishipa hiyo ya figo, na dawa za magoti zinaongeza mzigo. Mama, nakuomba, nenda kwa daktari pamoja na Shangazi. Upimwe damu na mukojo, akupe dawa nyingine ya magoti. Ile ya tansiyo usiiache hata ukijisikia vizuri.

Nisalimie Papa, Shangazi, na Baba Mudogo anayeshona nyavu. Dada Zaina ameniambia kwamba ukipakua chakula bado unaita jina langu. Usiache kuniita, Mama. Huku naitika.

Mutoto wako,
Ramazani