Mbweha Hayumo

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vifungo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Wifi na watoto hawajambo? Na ule mgongo wako unaendeleaje? Sisi wazima. Mama anatembea vizuri, na mdomo wake ni ule ule. Nimeuliza hali zote ili usiseme sina adabu, maana leo nina jambo na wewe.

Tumefunga duka la baba la kupiga chapa. Mashine nyingi zilikuwa za kutupa tu, lakini fundi kompyuta akaiamsha ile kompyuta ya kijivu iliyokuwa dirishani. Akaniita, "Dada, humu kuna mchezo wa zamani wa maandishi matupu, unaandika amri mashine inakujibu, njoo uone." Nilipiga kelele kama mtoto, nikavuta kiti.

Hujasahau, najua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mguu kwenye plasta, miezi mitano kitandani. Nilikuwa naandika amri kwenye karatasi, unaipeleka dukani asubuhi, mchana unaniletea jibu la mashine, umelitafsiri kutoka Kiingereza kwa mwandiko wako: msitu, jiji la vioo, malkia kiziwi. Na mbweha wangu, aliyekuwa akilala miguuni pangu kila nilipoandika "pumzika".

Kaka, mchezo huo una vyumba tisa tu. Pango, kisima, jitu linalokoroma, mlango, ndiyo basi. Niliumaliza kabla chai haijapoa. Nikarudi mwanzo nikidhani nimepotea njia. Nikaandika "mwite mbweha" kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mashine ikajibu: silijui neno hilo. Nikaandika tena. Silijui neno hilo.

Kumbe ni wewe uliyekuwa ukiyatunga! Malkia ni wewe, jiji ni wewe. Hayo ningecheka, tena ningekusifu mbele za watu. Lakini mbweha alikufa kwenye daraja la kamba kwa sababu mimi niliandika "mbweha atangulie". Uliiweka karatasi ya jibu juu ya shuka bila kunitazama. Nililia siku tatu. Ukaniambia, "Ndiyo mchezo ulivyo, mdogo wangu, amri ikishaingia haitoki." Jumamosi iliyofuata ukahamia huko uliko.

Mimi nikabaki na hatia. Hadi leo, kabla ya kukata kitambaa cha mteja napima mara nne. Mafundi wenzangu wananiita Bi Rula. Nilidhani ndivyo nilivyozaliwa. Kumbe mashine haikumuua mbweha, wala mimi sikumuua. Wewe ulikuwa unaondoka, ukatafuta njia rahisi ya kuufunga mchezo, ukanitwisha mimi. Umenisaliti, Kaka. Ungesema tu "naondoka", ningelia siku hizo hizo tatu, yakaisha.

Mama sijamwambia. Anakusalimu, na mjomba mshona viatu pia, na huyu fundi kompyuta ingawa hakujui. Nisalimie wifi, nibusie watoto. Mungu akulinde na akupe afya tele, maana nakutaka uwe mzima wa kunijibu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo yenye amri moja: "Mbweha arudi." Usinipigie simu. Andika jibu kwa mkono wako, kama zamani.

Wako akupendaye, na ndiyo maana inauma,
Mdogo wako