Kiti cha Papa

Karuba, 9 Novemba 2025

Mpendwa mudogo wangu Luc,

Huko Ntoto mumeamkaje? Laetitia na watoto, malaria imewaacha? Sisi tunapumua. Magoti yangu tu njo yanapanda kilima kwa hasira.

Sasa simama wima, natangaza habari kuu: Jumapili iliyopita, saa saba, kiti cha marehemu Papa, baba yetu, kilivunjika mguu chini ya kaka yako. Mke wangu Umurerwa alicheka mpaka akamwaga maharagwe. Na wewe ungecheka, uliyeniita gunia tangu utoto.

Unajua nilivyokipata. Siku ya kuondoa matanga barabara ilifungwa, ukakwama njiani. Tulikungoja siku tatu. Wakubwa wa familia wakachoka, wakanipa kiti na fimbo vya kuongoza ukoo, kwa kuwa mimi ni mukubwa. Nami nilichoka, nikakaa.

Aliyekuja kugongomea mguu ule ni shemeji Damascène, mume wa dada yetu Euphrasie, yule aliyesilimu. Umurerwa akamuchokoza:

"Shemeji, ninyi Waislamu munaomba Mungu mumoja. Mulijigawanya juu ya nini?"

"Juu ya kiti, Mama."

Akaeleza. Mtume alipofariki, wakubwa walikutana wakamchagua rafiki yake Abubakari awaongoze. Ali, mkwe wa Mtume, hakuwa kikaoni. Alikuwa nyumbani akiosha maiti. Wengine wakasema Mtume alishamtaja Ali kwa kinywa chake. Hao njo Washia. Waliosimama na uchaguzi ule njo Wasunni, na Damascène ni mumoja wao. Kurani ni ile ile.

"Na Papa wenu, alitaja mutu?" akaniuliza, akicheka.

Niliinama kutafuta musumari.

Nisalimie Laetitia, na Mungu awafunike huko porini. Euphrasie anakusalimu.

Luc, nimechoka kuinama. Papa alitaja. Juma moja kabla ya kufa, nikimunywesha uji, alisema: "Kiti ni cha Luc. Wewe Albert unaogopa watu, utagawa shamba vibaya." Nilisikia mimi peke yangu. Siku tatu za kukungoja nilinyamaza, nikiomba barabara isifunguke. Nilitaka, mara moja tu, watu wasimame nikiingia.

Jumapili ijayo nitawaambia wakubwa, uwepo ao usiwepo. Kiti kimepona. Kinakungoja.

Kaka yako akupendaye, anayekaa sasa juu ya bidoni ya maji,

Albert