Pazia la Daktari wa Mugambi

Cherotich, wacha kila kitu usome hii. Mugambi ameenda kwa daktari wa akili! Mume wangu! Yule yule aliyesema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi.

Unajua amehamishiwa shule ya Kiwayu, na huko hufiki ila kwa boti. Kila akikanyaga boti moyo unamwenda mbio, anatetemeka, anaona anakufa. Mara mbili ameshushwa, na wakubwa wamemwambia ya tatu asirudi kazini.

Basi leo akashusha kofia hadi puani, akaingia kliniki hapa kisiwani Amu. Kumbe chumba cha daktari ni pazia tu. PAZIA! Nje, benchi la wagonjwa.

Akanong'ona kwamba boti ikiyumba yeye humwita mamake. Halafu bibi mmoja huko nje akauliza, "Mwalimu, na mamako huitika?"

Benchi zima likaangua kicheko! Mugambi akatamani ardhi immeze. Daktari akatoka kuwanyamazisha, akarudi, akamfundisha kuvuta pumzi polepole akihesabu hadi nne. Mara ya tatu akasikia benchi zima linavuta pumzi pamoja naye.

Alipotoka, yule bibi, Bi Mwanatumu, akamshika mkono. "Usione haya, mwanangu. Nami hofu hii ilinishika ndiani nikienda sokoni, mbele ya watu. Mwaka wa tatu nakuya hapa, na sasa nalala."

Mugambi akacheka mpaka akalia, Cherotich. Na hakuficha machozi.

Alhamisi anapanda boti. Nimemwambia nitamsindikiza hadi gatini. Ati hakuna haja, watu wa benchi wanakuja wote.