Samaki wa Kijito cha Uru

Aloyce, rafiki yangu,

Juzi tumeanua matanga yako, na shemeji akanikabidhi lile tangi la kioo na samaki wote wanne. Wazima. Bado wamejibandika kwenye mawe, bapa kama majani, maji ya pampu yakiwapita mgongoni. Jana mgao wa umeme ulipotukuta, niliwamiminia maji kwa jagi mpaka mkono ukafa ganzi. "Hawa wakikosa maji yanayokimbia wanakufa," ulikuwa unasema. Nilikuamini kwa hilo. Nilikuamini kwa kila kitu, mjinga mimi.

Uliniambia uliwavua kwenye kijito chetu hapa Uru, na kwamba duniani hawako mahali pengine. Miaka mitatu, kila Jumamosi, nilipindua mawe kule bondeni nikiwatafutia wenzao, na wewe umekaa ukingoni unanielekeza, "Jaribu lile la kushoto." Ulikuwa unanicheka?

Sasa shemeji ananisimulia, tena kwa furaha, jinsi ulivyowanunua Nairobi kwa mtu aliyewaleta kutoka China, ukavuka nao mpaka wa Tarakea ndani ya chupa ya chai. Anasema kidogo awamiminie wageni vikombeni.

Aloyce! Ukoo ulipotaka kuchimba mfongo, mfereji wa kuteremsha maji ya kijito hadi kwenye migomba ya kaka yangu, nani alisimama mkutanoni kupinga? Mimi. Kwa ajili ya samaki hawa. Wewe ulikuwa benchi la nyuma, unaangalia viatu vyako. Mfongo haukuchimbwa, migomba ya kaka ikakauka, na mpaka leo tukikutana kanisani ananipita kama nguzo.

Halafu wiki yako ya mwisho ukanipa jani la isale. Nikajua unaniomba msamaha, na kwetu jani hilo halikataliwi. Nikalipokea nikilia, nikidhani ni kwa ajili ya baiskeli yangu uliyoirudisha bila breki. Kumbe! Aliyepokea isale hafufui kosa wala kulitangaza kwa watu. Ulinifunga mdomo kabla sijajua cha kusema. Umenisaliti, na nimeshakusamehe. Nina hasira mpaka naona haya.

Samaki nitawatunza. Na Jumapili, baada ya misa, nitamfuata kaka nimwambie kijitoni hakuna samaki wa ajabu, wachimbe. Akiniuliza nani alinidanganya, nitasema nilijidanganya mwenyewe.

Pumzika, Aloyce. Jina lako sitalitaja.